Soketi ya simu iko nyuma ya mlango, meza ya kazi iko chumba cha mwisho: nivute waya upi?

#1 Kona_ya_Nyuma

Wakuu, habari za usiku. Ni msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo yamenikuta.

Nimehamia nyumba ya kupanga. Intaneti inaingia kwa laini ya simu, ile ya waya wa shaba, VDSL, na soketi ninayoiona ni moja nyumba nzima. Aliyeiweka sijui alikuwa anawaza nini. Iko ukutani nyuma ya mlango wa mbele, usawa wa goti, na mlango ukifunguka wote kitasa kinaigonga. Plagi ya umeme iliyo karibu iko upande wa pili wa mlango. Meza yangu iko chumba cha mwisho kabisa. Katikati kuna korido na kuta mbili za tofali.

Nilichofanya: nilinunua waya mrefu wa simu, ule bapa mweupe, mita 20. Nikauchomeka kwenye soketi, nikaulaza pembeni ya sakafu ukifuatana na ekstensheni ya umeme mpaka mezani, na ruta nikaiweka hapo. Intaneti ikaja. Siku ya kwanza nikajiona fundi. Siku ya pili ikaanza kukatika, hasa jioni. Taa ya DSL inapepesa kama dakika mbili, inatulia robo saa, inaanza tena. Jana nimedondoka mara tatu ndani ya kikao kimoja. Mara ya tatu niliporudi nilikuta wamefunga.

Watoa huduma wanasema laini upande wao ni safi. Mwenye nyumba ameniruhusu tundu moja dogo ukutani, zaidi ya hapo hataki kusikia.

Ninunue waya bora wa simu? Soketi ihamishwe? Au ruta ibaki mlangoni na waifai ifike itakapofika?

#2 Kimya_Kimya

Naweka kiti hapa. Yangu iko ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani. Sijatania.

#3 FundiWaNyaya

Mkuu pole sana. Usinunue kitu kwanza. Pima.

Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani sahihi iko kwenye kibandiko chini ya ruta), tafuta ukurasa wa hali ya DSL. Nataka kasi ya kuunganika, kushuka na kupanda, mstari ulioandikwa SNR (akiba ya mawimbi juu ya kelele, kwa desibeli), na idadi ya makosa ya CRC (vipande vya data vilivyofika vimeharibika). Usiniletee matokeo ya tovuti za kupima kasi. Zile zinapima waifai, kompyuta na foleni ya mtandaoni kwa mkupuo mmoja. Hapa tunatafuta waya tu.

Pima mara mbili. Kwanza ruta ikiwa palepale mlangoni, kwa ule waya mfupi uliokuja nao kwenye boksi, umeme uvute kwa ekstensheni hata kama itakuwa imekaa vibaya. Iache nusu saa, andika namba. Halafu irudishe mezani kwa waya wako wa mita 20, nusu saa nyingine, andika namba. Fanya jioni, muda uleule inaosumbua. Na kama una simu ya mezani, ichomoe kabisa wakati wa kupima.

Kwa nini naushuku ule waya bapa? Sauti ya simu inapita kati ya hezi 300 na 3400 hivi. Kwa masafa ya chini namna hiyo, hata kamba ya kuanikia nguo kama ingekuwa ya chuma ingebeba maongezi. DSL inapanda waya uleule lakini inakaa ghorofa za juu: ADSL2+, ile ya zamani, inafika megahezi 2.2, VDSL2 inafika 17 na ipo inayofika 30. Huko juu waya bapa unageuka antena. Nyuzi zake mbili zinalala sambamba kama reli, kelele ikija ule ulio karibu nayo unapokea zaidi ya mwenzake, na tofauti hiyo modemu iliyo ndani ya ruta inaiona kama data mbovu. Zikisokotwa zinapokezana zamu ya kuwa karibu, kelele inalingana pande zote mbili, inafutika. Wala si maarifa ya jana. Alexander Graham Bell aliyachukulia hataza mwaka 1881.

Wewe umechukua antena ya mita 20 ukailaza ubavuni mwa waya wa umeme.

#4 Mtaalamu_Uchwara

Mbona mnazunguka. Ruta mlangoni, nunua ripita moja, chomeka chumbani, maisha yanaendelea. Mimi niko hivyo mwaka wa pili.

#5 Bibi_Modemu

Mtaalamu, ripita yenye redio moja inasikiliza na kurudia kwa redio ileile, haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja. Kasi inagawika karibu nusu. Na wengi wanaiweka chumbani kule waifai ilikokwisha kufa, kwa hiyo inarudia kwa uaminifu kitu ambacho yenyewe haikisikii. Inatakiwa ikae katikati ya safari, mahali mawimbi bado yana nguvu. Kwa kuangalia video inatosha. Kwa mtu wa vikao kila siku, siipendi.

#6 Kona_ya_Nyuma

FundiWaNyaya, nimepima jana na leo, saa 1 hadi saa 3 usiku. (Halafu mimi ni dada, si kwamba nakataa ukuu.)

Mlangoni, waya mfupi: kushuka 46 Mbps, kupanda 9, SNR 6.3, CRC 14 kwa nusu saa, haijakatika.

Mezani, waya bapa: kushuka 29, kupanda 6, SNR 6.1 mwanzoni. Baada ya dakika ishirini nikaona SNR 2, kisha 1.4, kisha ikakata. CRC zilikuwa zimepita elfu tatu.

Swali: SNR mwanzoni ni ileile karibu, sasa mbona moja inakata na nyingine haikati?

#7 FundiWaNyaya

Samahani dada, na asante. Watu wengi humu huleta picha ya ruta badala ya namba.

Hapo kwenye SNR ndipo wengi wanapopotea. Modemu ikiamka inajadiliana na mtambo wa upande wa pili, wanapanga kasi kiasi kwamba ibaki akiba ya desibeli 6 hivi. Kwa hiyo ubovu wa waya hauonekani kwenye akiba, unaonekana kwenye kasi waliyokubaliana: 29 badala ya 46. Mapatano yakishafungwa, kelele ikipanda inakula ile akiba. Jioni vifaa vingi vinawashwa, kwako na kwa majirani, akiba inashuka 4, 2, 1, mwishowe modemu inaachia na kuanza mapatano upya. Dakika mbili za taa kupepesa ndiyo hayo mapatano.

Kwa hiyo watoa huduma hawakukudanganya. Laini mpaka kwenye soketi ni nzuri. Mita 20 za mwisho ndizo mbovu, na hizo ni zako.

Na acha kuzima na kuwasha ruta kila ikisumbua. Mitambo mingi inahesabu mikatiko. Ikiona laini inadondoka mara kwa mara inaishusha kasi yenyewe kwa usalama, na kuirudisha inaweza kuchukua siku kadhaa.

Sasa ushauri wangu. Usiivute laini ya simu. Iache iishie palepale inapoingia, ruta ikae hapo kwa waya mfupi iwezekanavyo. Kinachosafiri kwenda chumbani kiwe waya wa mtandao, Ethaneti. Cat5e ya kawaida inabeba gigabiti moja hadi mita 100 bila kupungua. Mita 20 kwake ni mazoezi. Ile data ikishatoka kwenye modemu ni tarakimu tayari, haina tena ule udhaifu wa mawimbi ya DSL.

Tundu lako moja la ruhusa ndiyo kazi yake hiyo.

#8 MamaWawili

Mie nilikuwa na shida hiihii na nyumba yangu haikubali tundu hata la sindano. Nikatumia zile adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, moja kwa ruta, moja chumbani. Zilinisaidia sana. Ila yapo mambo mawili nilijifunza kwa machungu. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, hasa ile yenye kinga ya umeme, maana kinga inameza mawimbi yake. Na usiamini namba ya kwenye boksi. Yangu iliandikwa 600, nilikuwa napata 90 siku nzuri, mashine ya kufua ikianza inashuka mpaka 40.

#9 Bibi_Modemu

Nyongeza kwa Mama hapo juu. Adapta hizo zinatumia masafa ya kuanzia megahezi 2 kwenda juu, nyingi za zamani mpaka 28 hivi. Hayo ni masafa yaleyale ya VDSL. Waya wa umeme haujasokotwa kama wa simu, kwa hiyo unavujisha, na ukipita karibu na laini ya simu zinavurugana. Kwa mwenye ADSL tatizo ni dogo. Dada Kona ana VDSL, na plagi yake iko hatua mbili kutoka kwenye soketi. Akijaribu, aangalie namba za DSL kabla na baada. Zikishuka, azirudishe dukani.

Halafu FundiWaNyaya, nakupinga kidogo. Umesema laini ya simu isivutwe kabisa. Mimi kwangu niliivuta mita 12 kwa Cat5e, jozi moja tu ya nyuzi, nikiwa nimeweka splita (kifaa kinachotenganisha simu na DSL) kwenye soketi ya kwanza ili simu ya mezani iachwe nyuma. Nilipoteza Mbps 1. Shida si kuvuta, shida ni kuvuta kwa waya mbovu.

#10 FundiWaNyaya

Bibi, shikamoo, nakubali. Jozi iliyosokotwa vizuri, bila matawi, kwa mita chache, haina hasara ya kulilia. Ila kwa nyumba hii bado nabaki na langu: akivuta Ethaneti, siku akihama au akibadili huduma waya uleule unatumika. Na kama tundu ni moja, nalitoa kwa waya unaobeba gigabiti, silitoi kwa waya unaobeba 46.

#11 Mtaalamu_Uchwara

Ripita yangu haijawahi kukatika lakini.

#12 Kona_ya_Nyuma

Nimewaelewa. Nakwenda na Ethaneti. Lakini kuna jambo jipya, na sijui kama linahusu.

Leo nimesogeza kabati la nguo chumbani nipate njia ya waya. Nyuma yake kuna soketi nyingine ya simu! Imepakwa rangi pamoja na ukuta, haionekani mpaka uiguse. Nimekwangua rangi kwa kucha, nikachomeka simu, haina mlio. Imekufa. Niiache?

#13 Kimya_Kimya

Si ndiyo jibu hilo! Ifufue, ruta iweke chumbani, tundu la nini tena.

#14 FundiWaNyaya

Subirini. Msifufue chochote.

Dada, hiyo soketi inahusu kuliko yote tuliyozungumza. Nenda kwenye soketi ya mlangoni, fungua kifuniko, hesabu nyaya. Soketi isiyo na watoto ina nyuzi mbili tu zinazotumika. Ukikuta nne zimebanwa kwenye skrubu mbili, yaani kila skrubu imebana nyuzi mbili, maana yake waya umeingia na mwingine umetoka kwenda chumbani. Soketi ya chumbani inaweza kuwa imekufa kwa sababu rangi imeziba meno yake, lakini waya ulioko ukutani bado uko hai, umeunganishwa, umekaa tu bila kazi.

Na huo waya usio na kazi unakula kasi yako. Mawimbi yakifika kwenye njia panda, sehemu yanaingia kwenye lile tawi, yanakwenda mpaka mwisho, hayakuti modemu, yanarudi kama mwangwi na kugongana na wenzao. Kuna masafa ambayo yanarudi yakiwa kinyume kabisa na yale yanayopita, hapo yanafutana. Ni yale ambayo urefu wa tawi ni robo ya urefu wa wimbi. Mawimbi kwenye waya wa shaba yanakwenda karibu theluthi mbili ya mwendo wa mwanga, kilomita laki mbili kwa sekunde. Tawi la mita 10 linachimba shimo kwenye megahezi 5, na lingine kwenye 15. ADSL inaishia 2.2, inapita chini ya shimo bila kuliona. VDSL inatumbukia kwenye mashimo yote mawili.

Ndiyo maana nyumba iliyokaa miaka na ADSL bila tatizo inabadilishiwa huduma, halafu watu wanaanza kulalamika kwamba VDSL yenyewe ni ovyo.

Tahadhari kabla ya bisibisi. Laini ikiwa imetulia ina volti 48 hivi za mkondo mnyoofu, hazikutishi. Simu ikiita inapanda hadi karibu 90 za mkondo geu, na hizo utaziimba. Mwombe mtu asikupigie, au chomoa laini kama soketi yako ina sehemu ya kuchomoa. Piga picha kabla hujalegeza skrubu yoyote. Halafu, hili ni muhimu: sehemu nyingi soketi ya kwanza ni mali ya mtoa huduma, wewe ni mgeni pale. Kama kifuniko kina nusu ya chini inayotoka peke yake, gusa hiyo tu. Ndiyo upande wa mteja. Kama hakina, piga simu waje.

Nyuzi zinazokwenda chumbani zitoe, kila moja izungushie utepe peke yake, zikunje nyuma. Usizikate, labda mwenye nyumba atazihitaji.

#15 Kimya_Kimya

Nimejifuta maneno yangu ya #13.

#16 Bibi_Modemu

Usijifute, wazo lako si baya. Angeweza kuifanya hiyo ya chumbani kuwa ndiyo pekee, waya upite moja kwa moja bila tawi. Tatizo hatujui ukutani kuna waya gani. Kama ni ule wa zamani wa nyuzi nne zisizosokotwa, tunarudi palepale kwa waya bapa, sasa ukiwa ndani ya saruji.

Dada Kona, swali la FundiWaNyaya la mwanzo hukulijibu. Una simu ya mezani?

#17 Kona_ya_Nyuma

Ninayo, ya mwenye nyumba, iko sebuleni imeunganishwa kwenye soketi ileile ya mlangoni kwa kigawanyio cha njia mbili. Situmii sana.

#18 Bibi_Modemu

Kigawanyio kitupu, au kina maandishi ya filta? Vinafanana kwa umbo. Kitupu kinagawa njia tu. Chenye filta kina upande wa simu unaozuia masafa ya juu, ili simu isiiingilie DSL. Simu bila filta ni tawi lingine, tena lenye makelele. Dalili yake: simu ikiita au ukinyanyua mkono wa simu, intaneti inakata. Ukinyanyua unasikia mvumo kama mvua ya mbali.

#19 Kona_ya_Nyuma

Kitupu. Na mvumo upo. Nilidhani ndivyo simu ilivyo.

#20 MamaWawili

Jamani 😂

#21 Kona_ya_Nyuma

MREJESHO wa kwanza.

Kifuniko kina ile nusu ya chini. Nimeifungua: nyuzi nne, mbili zimeingia mbili zimetoka, kama alivyosema Fundi bila kufika. Nimepiga picha, nimetoa za chumbani, nimezifunga utepe. Kigawanyio nimekitoa, nimeweka filta. Ruta iko mlangoni kwa waya mfupi.

Kushuka 57. Kupanda 13. SNR 6.4. CRC 3 kwa saa nzima. Jioni.

Nilipokuwa napiga kelele na ile 46 kama kasi nzuri ya kumbukumbu, kumbe nayo ilikuwa na mchwa.

Sasa waya wa Ethaneti. Dukani wana bapa, wana wa duara, wana wa aina nyingi, bei zinapishana mno na maelezo ni yaleyale. Nachukua upi?

#22 FundiWaNyaya

Hongera dada! Hiyo 57 ndiyo haki ya laini yako.

Wa duara, Cat5e au Cat6, shaba tupu. Angalia maandishi CCA. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inavunjika ukiikunja na inapoteza nguvu njiani. Waya ukiwa mwepesi isivyo kawaida mkononi, shuku. Ethaneti bapa ndani yake imesokotwa, si sawa na ile ya simu, kwa hiyo chini ya zulia au mlango inakubalika. Lakini kwa safari nzima ningechukua wa duara.

Kupitisha: upande mwingine wa korido, si ule wa ekstensheni ya umeme. Ikibidi zikutane zipishane kama msalaba, zisitembee pamoja. Kona usiivunje, iache izunguke. Makadirio ya mafundi ni mara nne ya unene wa waya. Na usiibane kwa misumari ya U ukaipondaponda. Tumia tranki ya plastiki ya kubandika, mwenye nyumba akija anaona mstari mweupe tu.

Tundu lichomwe kwa mteremko mdogo kwenda nje kama ukuta unapata mvua, kwako ni ndani kwa ndani, toboa tu. Ila kumbuka kichwa cha RJ45 (plagi ya Ethaneti) ni kipana kuliko waya. Ukitaka tundu dogo, pitisha waya usio na kichwa, ubane baadaye.

#23 Kona_ya_Nyuma

Kubana mwenyewe?

#24 FundiWaNyaya

Si kazi ngumu, inataka macho. Chuna sentimita mbili tatu, sokotoa jozi, panga kutoka kushoto klipu ikiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani kinaruka, jozi yake imezunguka bluu. Watu wanakosea hapo, wanaweka jozi zikifuatana kwa sababu inapendeza. Nyoosha, kata sawa kwa mkato mmoja, ingiza mpaka uone ncha za shaba mbele ya plastiki, ndipo ubane. Pande zote mbili mpangilio uleule.

#25 Kona_ya_Nyuma

Mrejesho wa pili.

Tundu limetoka salama. Vichwa vinne nimevitupa. Cha tano kimekubali, na cha sita kwa upande wa pili. Kompyuta inaonyesha imeunganika kwa Mbps 100, si 1000. Nimekosea wapi?

#26 Bibi_Modemu

Gigabiti inataka jozi zote nne. Mia inataka mbili tu, chungwa na kijani. Kwako bluu au kahawia haijafika kwenye meno, na vifaa vimeona hivyo vikashuka vyenyewe. Chungulia kichwa kwa mbele, utaona shaba moja imebaki nyuma.

Ila laini yako ni 57. Mia inaipitisha ikiwa imekunja miguu. Ukichoka, acha hivyo.

#27 Kona_ya_Nyuma

Kahawia! Imebaki nyuma milimita mbili. Nimeiacha usiku mmoja, asubuhi nikashindwa kuvumilia, nikarudia. 1000.

Sasa waifai. Ruta ikiwa mlangoni, chumbani simu ya mkononi inapata mstari mmoja.

#28 MamaWawili

Si ulisema una ruta ya zamani?

#29 Kona_ya_Nyuma

Sikusema, lakini ninayo. 😄

#30 Bibi_Modemu

Basi umemaliza. Ya zamani igeuze kituo cha waifai tu. Kabla hujaiunganisha na wenzake, ingia ndani yake kwa kompyuta, zima DHCP, maana nyumba haiwezi kuwa na wagawaji anwani wawili wanaogombana. Ibadilishie anwani yake, kama ruta kuu ni 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2. Halafu waya wa kutoka mlangoni uchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani), lile la WAN (la intaneti kutoka nje) liache wazi. Hapo kwenye WAN ndipo watu wanapotumbukia.

Jina la waifai na nenosiri weka sawa na la ruta kuu. Chaneli tofauti: kwenye gigahezi 2.4 zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, moja ipe 1 nyingine 11. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini tofali inaizuia haraka, ndiyo maana kila upande uwe na yake.

Kompyuta ya kazi iache kwenye waya. Ruta ya zamani nyingi zina matundu manne, moja unatumia kwa kuingia, matatu yanabaki.

#31 FundiWaNyaya

Na ruta ya mlangoni isikae sakafuni. Itundike juu ya soketi, usawa wa kichwa, mbali na kioo kikubwa au kabati la chuma. Na kitasa?

#32 Kona_ya_Nyuma

Nimeweka kizuizi cha mpira sakafuni, mlango unaishia kabla ya ukuta kwa upana wa ngumi. Umeme nimeuvuta juu ya fremu ya mlango kwa tranki. Wiki ya pili sasa, taa ya DSL haijapepesa hata mara moja. Waya bapa wa mita 20 nimeuviringisha, uko kwenye droo, sijui niufanyie nini.

#33 Mtaalamu_Uchwara

Wa kuanikia nguo.

#34 Dakika_Sifuri

Samahani kuingilia wakuu, mimi ni wa faiba. Boksi lao wameliweka stoo. Navuta ule waya mwembamba wa faiba au ni habari ileile?

#35 FundiWaNyaya

Habari ileile, tena kwa mkazo zaidi. Faiba usiiguse, usiikunje kona kali, kioo cha ndani kinavujisha mwanga au kinavunjika, na usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini ni leza. Boksi libaki stoo. Toka hapo na Ethaneti.

#36 Kimya_Kimya

Nimetoa sahani zote. Kwenye soketi yangu kuna nyuzi sita. Skrubu ni mbili. Napiga picha naleta.